Saa ya Mkono wa Kushoto

Fundi alinunua saa yake ya kwanza akiwa na miaka hamsini na minane, na mimi ndiye niliyempeleka, kwa hiyo lawama zikigawanywa na mimi nina fungu langu.

Naitwa Mama Vifungo. Nakaa kwenye cherehani ya pili, nashona vifungo na matundu yake, mwaka wa kumi na tisa huu. Cherehani ya kwanza, ile ya dirishani, ni ya Fundi. Chumba chetu ni kimoja tu: meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na pazia la wateja kujaribia nguo. Mke wa Fundi alifariki binti yao akiwa darasa la pili, na mtoto yule alikulia chini ya meza ya kukatia, akiokota pini kwa sumaku. Mimi ananiita Shangazi. Si damu yangu, lakini nikianza kumsema utadhani nilimzaa mimi.

Sasa mkono wa kushoto wa Fundi. Miaka yote hiyo umevaa kimto cha pini, kijimto cha mahameli chenye mkanda wa lastiki. Akichomoa pini kwenye nguo hatazami anakoipeleka. Mkono wa kulia unapiga kushoto, chap, pini imekaa. Nimemwona akifanya hivyo huku anabishana na mteja, huku anapiga chafya, na siku ya msiba wa mkewe nilimwona akifanya hivyo huku analia. Lastiki ile imemchimbia mfereji kwenye ngozi, mweupe kuliko mkono wenyewe.

Maneno yalianza Jumanne moja mchana. Binti, ambaye siku hizi anafanya kazi maabara hospitalini, alipita dukani, simu ikalia, akasimama mlangoni kuipokea. Alikuwa mama wa mchumba wake. Tukamsikia anacheka, anajibu hili na lile, kisha akasema, "Baba? Baba yuko kwenye biashara ya nguo, Mama."

Cherehani ya Fundi ikanyamaza.

Binti alipoondoka, Fundi alikaa akiutazama uzi kama vile umemtukana. "Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Biashara ya nguo."

"Si kweli? Nguo si unauza?"

"Ananionea haya, Mama Vifungo."

Nikamwambia aache upuuzi. Lakini na mimi roho iliniuma, nisifiche. Nilikasirika. Mtoto aliyesomeshwa kwa mshono, kwa mgongo wa baba yake uliopinda juu ya mashine, leo anameza neno fundi kama kidonge kichungu! Nilitaka kumpigia simu pale pale. Fundi akanikataza. Akasema ukimlazimisha mtu akutaje, hajakutaja. Halafu akavuta picha ambayo binti alimwachia, picha ya wakwe watarajiwa wamekaa mezani. Baba wa kijana alikuwa ameegemeza kiwiko, na mkononi ana saa ya wenye nazo, saa ambayo hata kwenye picha inajitambulisha.

"Baada ya wiki tatu tunakwenda kwao," Fundi akasema. "Suti nitajishonea, hilo halinitishi. Lakini huu mkono?" Akavua kimto, akanionyesha ule mfereji. "Huu unasema kila kitu kabla sijafungua mdomo."

Basi shida yake ilikuwa hiyo, na haikuwa majivuno hata kidogo. Aliogopa kumwaibisha mwanawe. Alitaka siku moja tu, kuanzia salamu hadi kuagana, awe yule mtu wa biashara ya nguo aliyetajwa kwenye simu.

Tukaenda kwa Jicho. Jicho anauza saa chini ya ngazi za jengo la maduka, amepewa jina kwa ile lenzi nyeusi anayoibana jichoni hata akiwa anakula. Sifa yake ni moja: hadanganyi. Ukifika anakwambia, "Mzee, hapa hakuna orijino. Hapa ni kopi, na kopi zina madaraja. Usije ukanililia kesho."

Fundi alitoka jasho kama aliyekamatwa. Aliangalia nyuma mara tatu. Nikamwambia, "Fundi, tunanunua saa, hatuibi benki."

Jicho akazipanga kwenye kitambaa cheusi. Ya kwanza ilikuwa na visaa vidogo vitatu ndani ya uso mmoja. Fundi akavutiwa, akauliza vinafanya nini. "Hivyo vimechorwa," Jicho akasema. "Havitembei. Mtu anayejua saa akiitazama dakika mbili, umekwisha." Fundi akairudisha kama inamuunguza. Ya pili ilikuwa na mkanda wa ngozi. Hiyo hata Jicho hakuwahi kuisifu, maana Fundi alikwisha kuugeuza mkanda na kuhesabu mshono. "Mishono imeruka hapa na hapa," akasema. "Uzi wenyewe wa kushonea mikoba. Sivai."

"Mzee, nani atakuhesabia mishono?"

"Mimi."

Ya tatu ilikuwa nene. Fundi akatoa utepe mfukoni, akaipima kimo, akapima na nafasi ya mkono wa shati lake, akatikisa kichwa. Saa ikinyanyua shati, alisema, watu wataona shati limeshonwa vibaya, na shati lile kashona yeye. Jicho aliitoa lenzi jichoni amtazame vizuri. Nadhani hakuwahi kupata mteja anayechagua saa kwa ajili ya shati.

Ya nne ndiyo iliyomtuliza. Nyembamba, mkanda wa chuma, uso wa buluu iliyoiva. Jicho akamwonyesha mshale wa sekunde. "Kopi za ovyo, mshale unaruka-ruka. Huu unateleza, kama wa ile yenyewe. Shika. Sikia uzito."

"Na kioo?"

"Kioo ndipo tunapoachana na wakubwa. Kioo cha ile yenyewe ukikikwaruza na msumari hakijui. Hiki ni kioo cha kawaida."

"Hata pini?" Fundi akauliza, na papo hapo akachomoa pini moja chini ya kola ya koti lake ajaribu. Jicho alimpokonya saa kwa kasi ambayo sikudhani anayo.

"Mzee! Mbali na pini! Na maji. Na usiitaje. Saa ya kopi haitajwi. Mwenzako akiisifu, sema asante, uliza habari za watoto."

Fundi akalipa bei ya vitambaa vya suti mbili nzuri. Jicho akatoa pingili mbili za mkanda, saa ikakaa juu ya mfereji wa lastiki na kuufunika wote. Fundi aliunyoosha mkono, akaukunja, akaunyoosha tena. Nikaona macho yamemlegea kwa raha, na hapo hapo woga ukarudi. "Wakiniuliza nilinunua wapi?"

"Sema ulipewa."

"Na nani?"

Mungu wangu. Njia nzima ilikuwa hivyo.

Zile wiki zilizobaki sikupata amani dukani. Fundi alihamishia kimto mkono wa kulia ili ajizoeshe, na kila mara mkono wa kulia ulipiga kushoto vilevile. Ilibidi aivue saa wakati wa kazi, akajichoma ngozi tupu mara nne siku ya kwanza. Nikampaka dawa, nikamwambia, "Mkono una akili yake, Fundi. Hauamrishwi." Akanijibu kwamba kwa wakwe hakutakuwa na pini, wanakwenda kula, hawaendi kushona.  

Siku ikafika, nami nikaenda kama shangazi wa binti. Nyumba ya wakwe ilikuwa na ngazi tatu mlangoni na zulia ambalo niliona haya kulikanyaga. Baba wa kijana alikuwa mtu mpole, mhandisi mstaafu, na ile saa yake mkononi. Wakasalimiana na Fundi kwa mikono miwili, kushoto kukakaribiana na kushoto. Mhandisi akatazama. "Saa nzuri, mkwe."

"Asante," Fundi akasema. "Watoto hawajambo?"

Watoto wenyewe walikuwa wamekaa mbele yake. Kijana akajibu kwamba hajambo. Nikajing'ata ulimi nisicheke.

Chakula kilipita salama, ingawa Fundi alikula kama mtu anayeibeba sahani kichwani. Mkono wa kushoto hakuutoa juu ya paja. Binti alikuwa anamtupia jicho kila mara, na kila alipomtazama, Fundi alikaa wima zaidi. Wakamuuliza biashara inakwendaje. Akasema inakwenda. Wakasifu suti yake, wakauliza ni ya nchi gani. Fundi akafungua mdomo, akaufunga, akasema ni ya siku nyingi. Niliumia. Suti ile aliishona kwa siku kumi na moja, kola aliifumua mara mbili, na sasa anaikana mezani.

Tulipokuwa tunainuka, mama wa kijana akapiga ukelele, "Ai!" Akashika mguu. Gauni lake lilikuwa jipya, limetoka kwa mshonaji asubuhi hiyo, na mshonaji asiye na haya alikuwa ameacha pini kwenye upindo. Ilimchoma kisigino na damu ikaonekana.

Kabla mwanawe hajasogea, Fundi alikuwa chini kwenye zulia kwa magoti. Hakufikiri. Magoti yale yamepigwa mbele ya watu maelfu, na hayakuuliza hapa ni nyumba ya nani. "Tulia, mama, usivute," akasema, kwa sauti yake ya dukani, sauti ambayo mchana kutwa sikuwa nimeisikia. Akaushika upindo kwa vidole viwili, akaipata pini, akaichomoa.

Nikaona mkono wa kulia unakwenda. Nilitaka kupiga kelele.

Chap.

Pini ilikita juu ya kioo, ikateleza, ikatoa mlio mwembamba ambao kila mtu aliusikia, ikaingia pembeni ya mkanda kwenye nyama.  Fundi alibaki amepiga magoti, pini imesimama mkononi, na juu ya uso wa buluu mkwaruzo mrefu kutoka saa sita hadi saa kumi. Mhandisi aliinama akautazama. Mwenye saa kama ile anajua kioo chake hakifanyi hivyo. Alijua, nami nilijua kwamba anajua.

"Samahani," Fundi akasema, akiongea na zulia. "Samahani, mwanangu. Nimekuharibia."

Binti akaja akapiga magoti mbele yake. Akaichomoa ile pini, akakifungua kifungo cha mkanda, akaivua saa. Mfereji wa lastiki ukaonekana, na tone la damu juu yake. Akaufunika kwa kiganja.

"Hii ya nini, Baba?"

"Si ulisema niko kwenye biashara ya nguo. Nikaona... nikaona nifanane nayo."

Binti akamkodolea macho. "Lakini si wewe uliyeandika hivyo?"

"Wapi?"

"Fomu ya shule. Nilikuwa na miaka saba, nimesimama pembeni yako. Kazi ya mzazi. Ukaandika mfanyabiashara wa nguo, ukaniambia wakiniuliza nijibu hivyo hivyo. Nimejibu hivyo hivyo maisha yangu yote. Nilidhani neno fundi linakuumiza."

Hapo ndipo Fundi alipolia. Na mimi nililia, kwa aibu zaidi kuliko huruma, maana siku ile ya fomu nilikuwepo. Nilikuwa mgeni dukani, na kalamu aliyoandikia ilikuwa yangu. Nilimkasirikia mtoto wiki tatu nzima kwa sababu tu hakuwahi kusahau alichofundishwa.

Mhandisi hakuisema saa. Alivua koti lake, akalileta. "Mkwe," akasema, "hili bega la kushoto linanikera tangu nilinunue. Wewe unaonaje?" Fundi akafuta uso kwa mkono wa shati, akaligeuza koti, akaona kilichokosewa kabla hata hajalifikisha kwenye mwanga. Wakaliinamia koti lile wote wawili mpaka chai ikapoa.

Saa imetundikwa kwenye msumari dukani, na mkwaruzo wake. Inakwenda vizuri tu, na mshale wake unateleza bado. Wateja wakiiulizia, Fundi anawaambia ni kopi.

Mwezi uliopita binti alileta karatasi za kuandikisha ndoa, zisainiwe na mzazi. Aliziweka juu ya meza ile ya kukatia, akachukua kalamu, akafika kwenye mstari unaouliza kazi ya baba. Hakuandika. Alimgeuzia Fundi karatasi, akampa kalamu yeye.

Fundi aliishika muda mrefu, kimto cha pini mkononi. Kisha akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, taratibu, kama anayekata kitambaa kisicho na cha akiba: FUNDI CHEREHANI.