"Imeshuka": neno lililomtoa Peres mbio maabarani

Saa nne asubuhi, Peres Ajwang ameinamia darubini katika maabara ya zahanati ndogo huko Kabiria, Nairobi. Jicho la kulia linamwasha. Mwenzake aliacha kazi na Peres hajaletewa mwingine, kwa hiyo kila tone la damu humpitia yeye.

"Nimechoka mpaka uchovu umenizoea," asema bila kuinua kichwa.

Damu iliyo mbele yake ni ya Kibe, mvulana wa miaka sita aliyerudi na homa kutoka kwa shangazi yake Mombasa. Hapa Kabiria mtoto akichemka mwili, watu husema ni malaria, basi. Kipimo cha malaria hakikuona kitu. Daktari Jamleck akashuku dengi, homa ya mbu inayopatikana Pwani, akaagiza chembe za kugandisha damu zihesabiwe kila siku.

Jana zilikuwa elfu tisini, na tayari zilikuwa chache. Leo Peres anahesabu, anarudia. Elfu thelathini.

Mama yake Kibe, Waringa, anachungulia dirishani. Mwanawe amepoa, hata ameomba chakula.

"Sister, imeshuka?"

Akili ya Peres iko kwenye chembe. "Imeshuka sana, Mama Kibe."

"Asante Yesu!"

Peres anampelekea daktari majibu. Jamleck anayatazama, kisha anauliza mtoto yuko wapi. Benchi la kusubiri ni tupu.

Hapo ndipo Peres anang'amua kosa lake. Mama aliulizia homa, yeye akajibu damu. Angesema "zimeshuka", kama alivyofunzwa shuleni, pengine mama angeuliza ni nini hizo. Lakini Nairobi kila kitu ni "imeshuka". Na kwa dengi, homa inapotulia ndipo mishipa inaweza kuanza kuvuja, mzazi akidhani mambo yameisha.

Anatoka mbio na koti lake jeupe, viatu vya plastiki vikimponyoka. Anawakuta kwenye kibanda cha mandazi. Kibe ameuma andazi lake, na palipoumwa pana damu.

"Mama Kibe, rudi! Sikusema homa, nilisema damu!"

"Lakini si amepoa, sister?"

"Hapo kwa kupoa ndio kubaya!"

Waringa anaangalia andazi. Anambeba mtoto mgongoni, na kabla ya saa sita wako njiani kwenda hospitali kubwa mjini.

Peres anarudi kwa damu za watu wengine.

Mwisho wa wiki simu inalia. "Sister, imepanda!"

Peres anaketi sakafuni. "Nini imepanda, Mama Kibe? Taja jina!"

"Damu! Zile chembe! Homa hakuna, na amemaliza uji wote."

Peres analia, kisha anajicheka kwa kulia. Ameomba likizo, na ameahidiwa msaidizi mwezi ujao.

"Akija, sitaanza na darubini," asema, akifuta jicho lile linalomwasha. "Nitamfunza kutaja kitu kwa jina kabla hajasema kimeshuka. Halafu niende kwetu Ugenya, nilale."