Blanketi Juu ya Kabati la Betri

Hospitali nzima ilimwita fundi umeme Bwana Themanini. Tangu kabati la betri liletwe, miaka sita iliyopita, hakuliruhusu lijae kupita asilimia themanini wala lishuke chini ya ishirini.

"Betri ni kama tumbo," alisema. "Ukilivimbisha kila siku, halifiki uzeeni."

"Ndiyo maana hata kikombe cha chai hujazi," Shangazi wa chumba cha kufulia nguo alimtania.

Siku ya ukaguzi utani ulimkauka. Mkaguzi alipima, akatikisa kichwa. "Kabati limechoka, mzee. Liondolewe." Bila kabati, umeme ukikatika, mashine za joto za watoto njiti zingezimika. Wodi ingefungwa, na ndani ya mashine ya pili alilala mjukuu wa fundi, wa siku tisa, hajatimiza hata kilo mbili.

"Nipe hadi saa nane," fundi aliomba.

Akafungua daftari. Kila alfajiri aliandika hali ya betri zote kumi na sita, moja baada ya nyingine. Kumi na tano zilikuwa imara. Ile ya tisa, iliyokaa juu kabisa, ilianza kudhoofika mvua zilipoanza. Mvua na betri iliyofungiwa chumbani, wapi na wapi?

Saa sita mchana, saa ambayo hakuwahi kukanyaga mle, akafungua mlango. Shangazi alikuwa akitandaza mablanketi ya watoto juu ya kabati, yameziba matundu yote ya hewa.

"Nje hayakauki, baba," Shangazi alisema. "Hapa pana joto la bure."

"Shangazi! Hilo joto ndilo ugonjwa wenyewe!"

Akayaondoa mablanketi, akaichomoa ya tisa, akaweka ya akiba aliyokuwa akiitunza nusu tumbo miaka yote. Mkaguzi akapima upya, akapima tena.

"Kumbe mgonjwa mmoja ndiye aliyewavuta wenzake," alisema. "Hili lina miaka minne mingine. Mitano, ukiendelea na ushamba wako wa themanini."

Fundi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka peke yake. Kabla ya jioni alikuwa ameshamfungia Shangazi kamba ya nguo nyuma ya jiko la hospitali, chini ya paa penye joto.

Shangazi akamletea chai, imejaa hadi ukingoni. Aliinywa yote.