Maji ya Unga kwa Kaka Yake Bibi

Darasani hata jibu nikilijua sinyooshi mkono, kwa aibu. Kwa hiyo niamini: mtu kama mimi hatungi kisa ili atazamwe. Haya nimeyaona likizo hii, niliposhuka treni mpya ya Mpanda nikaja kwa bibi huku Kakese.

Bibi akiwa mtoto, ndugu wawili waligombania utemi, nchi ikapigana yenyewe kwa yenyewe. Kaka yake akaenda vita ya mwisho, upande ulioshindwa. Na desturi ya kwetu, aliyetoka kuua haingii kijijini mpaka dada yake amtokee na kata ya maji yenye unga. Kila kiangazi, jua likizama, bibi alimsikia akiita toka msituni, kwenye mizinga ya nyuki. Wazee walimkataza kumpokea adui. Akakatazika. Sasa wazee wale wamekufa wote, na jioni moja ya likizo hii bibi alikoroga unga, akanishika mkono, tukaenda.

Nilidhani ni uzee tu. Mungu wangu! Alikuwa amesimama pale, kijana, kanizidi umri kidogo tu, upinde begani. Miti yote imepukutika, lakini majani aliyojifunga kichwani yalikuwa mabichi. Wewe ungesemaje?

"Kabula amekawia," akasema.

"Ndiye mimi," bibi akamjibu. "Kunywa, twende nyumbani."

Kijana akainama, akampigia makofi, salamu ya kumheshimu mkubwa. Kaka mtu! "Usinitanie, mama. Kabula meno ya mbele hana."

"Hata sasa sina, kichwa mzinga wewe!"

Akacheka, mkono ukaifikia kata. Halafu akamtazama vizuri usoni, kicheko kikakatika.

"Nani kakufundisha kunitukana kama yeye? Hapana, mama. Kama Kabula hajaja, basi vita bado."

Akageuka, akarudi alikotoka. Bibi alimwita mpaka sauti ikakauka.

Tangu siku hiyo bibi hamsikii tena. Bado anakoroga unga kila jioni, anaweka kata pale kwenye mizinga. Asubuhi naikuta imejaa, namwaga.

Wewe unayesoma, kama mtu wako amesimama nje kwa ugomvi wa wakubwa, mtokee leo. Usingoje wakubwa wafe. Utakuta hakujui.