Bi Mkasi na Somo la Mkono wa Shati

Siku hiyo Bi Mkasi, fundi cherehani wa miaka thelathini, aliamka hashikiki. Saa nne angefundisha kutia mkono wa shati kwa simu ya video. Wanawake kumi na wawili wa mji wa mbali wangekaa na cherehani zao mbele ya skrini kubwa ukumbini. Mwenyekiti wao alishasema wazi kuwa ni somo la majaribio: wakielewa, atawafundisha mwaka mzima, wasipoelewa, watatafuta mwingine. Na ualimu ndio aliokuwa akiuota tangu akiwa bado anajichoma vidole.

Alitinga gauni la kutokea, akaegemeza simu kwenye majora ya kitambaa, akaanza. Haukupita muda, mwenyekiti akamwambia wanamwona kama yuko ndani ya maji ya sabuni, na maneno yanafika nusu nusu. Sindano ndiyo hawaioni kabisa. Akapaza sauti mpaka jirani akachungulia dirishani. Picha ikaganda, yeye kaachama. Mwenyekiti akampa dakika kumi, wajaribu mara ya mwisho.

Mbio akamwita mdogo wa mumewe, fundi simu mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Akaja na bisibisi sikioni, akafuta kamera ya simu, kidole kikatoka cheupe kwa chaki ya kuchorea vitambaa. Akamwambia shemeji yake amewapaka watu chaki machoni. Kisha akauliza kisanduku cha intaneti kiko wapi.

Bi Mkasi, kwa maringo, akafungua kabati la chuma. Kisanduku kilikuwa katikati ya vitambaa, kimeviringishiwa hariri, waya umepitishwa kwenye tundu. Alikificha vumbi la nyuzi lisikiue.

"Shemeji, umemfungia mwenzio ndani ya chuma, ukamfunika blanketi, halafu unalalamika hasikiki?"

"Si nilimwonea huruma."

Shemeji akakiweka juu ya rafu, mkabala na meza, akieleza kuwa chuma hakipitishi mawimbi. Akamgeuza Bi Mkasi uso uelekee dirishani apate mwanga. Akaenda pia chumbani kumsihi kaka yake aache kutazama mpira kwenye simu, maana njia ya intaneti ni moja na wote wanaigombania. Kaka akanung'unika, lakini akazima.

Simu ikapigwa tena. Bi Mkasi akainua sindano mbele ya kamera.

"Mwalimu, tunaona hadi tundu la sindano," mwenyekiti alisema.

Basi, nani angemshika tena! Mikono ikaruka, maneno yakatiririka, cherehani za kule zikalia kwa pamoja. Ghafla akasogelea skrini.

"Wewe mama wa nyuma, mwenye kilemba cha kijani. Fumua hiyo. Mkono umeutia nje ndani."

Ukumbi mzima ukageuka. Mwanamke akainua shati lake, akalikagua, akacheka mpaka akaegemea cherehani. Hakujua kama mwalimu naye anawaona.

Mwenyekiti hakusubiri somo liishe. Akauliza kama wiki ijayo wanaweza kumaliza kola.

"Kola wiki moja?" Bi Mkasi akasema. "Tengeni mwezi."