Mwenyekiti Asiyetaka Kuhitimu

Katika chuo chetu cha miaka miwili, kaskazini kabisa mwa Michigan, palikuwa na swali moja ambalo kila kundi jipya la wanafunzi lililirithi kutoka kwa kundi lililotangulia: kwa nini Lempi Kangas hahitimu? Liliulizwa kwenye foleni ya kahawa na katika ukumbi wa mazoezi. Sisi walimu tuliulizana pia, kwa sauti ya chini zaidi.

Mama huyu alijiandikisha nasi baada ya kustaafu kazi yake ya kufua nguo katika hospitali ya mjini. Alisoma historia kwangu, akasoma jiolojia na ufinyanzi, hata uchomeleaji wa vyuma, kofia ya chuma ikiwa imekaa juu ya mvi zake kama chungu kilichofunikwa. Kila somo alilifaulu kwa alama za juu. Lilibaki moja tu, hesabu, nalo hakuligusa. Kila muhula ulipoanza alichagua kitu kingine, na wenzake waliokuja pamoja naye walikuwa wamekwisha kuoa, kuolewa na kuzaa.

"Anaogopa hesabu," walisema wengine.

"Labda anapenda chakula cha mkahawa wetu."

"Nani apende chakula kile?"

Nilikuwa mlezi wa Klabu ya Mawe, ambayo yeye alikuwa mwenyekiti wake, na kwa sababu hiyo watu walidhani kwamba nilijua jibu. Sikulijua.

Vilabu vya vyuo kama chetu vina maisha mafupi. Mwanafunzi huja, hutumia mwaka mmoja kuzoea njia za majengo, mwaka wa pili huwa kiongozi, kisha huondoka kwenda chuo kikuu au kazini, na mara nyingi klabu huondoka naye. Nimeona ikifa klabu ya sataranji. Nimeona ikifa klabu ya wafuga nyuki, nyuki wenyewe wakabaki. Klabu ya Mawe ilikuwa imekwisha kufa mara mbili kabla Lempi hajaishika. Kanuni ilikuwa kwamba kila msimu wa vuli, katika Siku ya Vilabu, kila klabu iwe na mwenyekiti ambaye bado ni mwanafunzi asiye na cheti cha chuo, naye aketi nyuma ya meza ya klabu yake mbele ya watu wote. Klabu isiyo na mwenyekiti hupoteza chumba chake. Chumba chetu kilikuwa chini ya jengo kuu, ubavuni mwa mtambo wa kupashia joto, na katika nchi yenye theluji kama hii hakuna aliyekosa kukitamani. Vijana wa michezo ya kompyuta walikuwa wakikichungulia kila walipopita.

Kazi yetu ilikuwa rahisi. Kabla ya baridi kali tulitembea ufukweni mwa Ziwa Superior, tumeinama, viatu vya mpira miguuni, tukitafuta mawe ya akiki. Akiki ikiwa kavu haina tofauti na kokoto yoyote. Ikilowa ndipo mistari yake myekundu na myeupe hujitokeza. Ndiyo maana wanachama wetu walikuwa na tabia ya kulamba mawe. Mgeni huicheka tabia hiyo, na baada ya wiki chache naye pia hukutwa akilamba. Theluji ilipoanguka tuliketi chumbani tukiyakata na kuyang'arisha. Mtu alipomletea Lempi jiwe na kumwuliza ni la aina gani, hakumjibu. Alimrudishia jiwe lake mkononi na kusema, "Wewe unalionaje?"

Mwaka ninaousimulia, alianza kuja chumbani msichana mmoja wa uuguzi, Tansy Cadotte, Mojibwe, wa wenyeji wa asili wa kule ghubani, mwenye ulimi mwepesi. Alisema wazi kwamba hakufuata mawe, alifuata joto.

"Bibi Lempi, wewe utafia humu chuoni," alimwambia siku moja. "Watakuzika chini ya mlingoti wa bendera."

"Basi uniwekee jiwe zuri."

"Nitalilamba kwanza, nihakikishe."

Lempi alicheka mpaka akavua miwani. Tansy akaona mwanya. "Sema kweli, bibi. Hesabu inakutisha?"

"Mtoto wewe, nimehesabu mashuka ya hospitali nzima tangu mama yako hajazaliwa. Namba zinitishe?"

"Sasa ni nini?"

"Chukua kitambaa, ung'arishe hilo jiwe. Unaongea sana."

Majira ya kuchipua yalipofika, Jumuiya ya Heshima ya chuo, ambayo hukusanya wanafunzi wenye alama bora, ilimwalika Tansy. Ilimwalika Lempi pia, kama ilivyofanya kila mwaka, na kila mwaka Lempi alikuwa akikataa kwa adabu. Safari hii Tansy alimng'ang'ania.

"Sitaenda peke yangu kushika mshumaa kama mtoto wa kipaimara. Twende wote, au siendi."

Wakaenda wote. Lempi alivaa gauni lake la buluu. Katika sherehe ile kila mwanachama mpya huwasha mshumaa wake kutoka kwenye mshumaa mkubwa, kisha husimama mbele ya familia zilizokaa kwenye viti vya kukunja. Lempi alikuwa amekwisha kuwasha wake na kusimama, wakati Royce Pelkie, mkuu wa mambo ya wanafunzi, aliposhika kipaza sauti. Royce alikuwa mtu mwema, na kama watu wengi wema alipenda kuwashtukiza watu kwa furaha. Chuo kama chetu husifiwa kwa wingi wa wahitimu wake, na ofisi ya usajili ilikuwa imefurahi kumgundua mmoja aliyejificha.

"Mama Kangas," alisema, uso ukimng'aa, "zile hesabu ulizopiga katika darasa la uchomeleaji, sasa zinakubaliwa kuwa somo la hesabu. Hudaiwi somo lolote tena. Kuanzia leo, wewe ni mhitimu!"

Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Nami nilipiga. Nta ilimdondokea Lempi kidoleni, naye hakutikisika.

Baadaye, kwenye meza ya chakula, watu wakila pasti, vile vitumbua vya unga vilivyojazwa nyama na viazi, alimwendea Royce.

"Royce, nirudishie."

"Nikurudishie nini, mama?"

"Uanafunzi wangu."

Royce alicheka. Alipoona kwamba anacheka peke yake, aliweka sahani chini. "Mama, cheti kikishatolewa hakirudi. Masomo unaweza kuchukua yoyote, karibu sana. Ila uongozi wa klabu, hapana. Kanuni ni kanuni."

"Na chumba?"

"Vuli ikifika kama hamna mwenyekiti nyuma ya meza..."

"Umenifukuza kwa makofi, Royce," alisema Lempi, akaenda kutafuta koti lake.

Tulimkuta chumbani, mimi na Tansy, akiwa na gauni lake la buluu, akipanga mawe yaliyokwisha kupangwa. Alianza mwenyewe.

"Kule kwenye ufuaji, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukagua mifuko. Majoho ya wagonjwa, sweta zao walizokuja nazo. Kila mara nilikuta mawe. Mawe hasa, kokoto za ziwani! Mzee mgonjwa wa moyo, ana kokoto. Mama aliyejifungua, ana kokoto. Nikajiuliza, mtu anakwenda hospitali na jiwe, la nini? Niliyarudisha yote kwa wenyewe kwenye bahasha. Nilitaka kuwauliza, lakini mfuaji haingii wodini kuuliza maswali. Halafu nikaja huku, nikakuta chumba ambacho mtu akiuliza hapewi alama, wala haonekani mjinga. Na kila mwaka vijana wanaondoka, mlango unataka kufungwa. Nikasema basi, mimi siondoki."

Tansy alivuta kiti akaketi karibu naye. "Kwa hiyo hesabu..."

"Hesabu naipenda sana."

Nilitazama mtambo wa joto, nikitafakari jinsi tulivyozungukwa na swali lile miaka yote bila kudhani kwamba jibu lake lilikuwa hamu ya kuuliza tu. Tansy aliinua mikono ghafla. "Usinitazame hivyo, bibi! Mimi si mtu wa mawe. Nilikuja kuota moto."

"Sijasema kitu."

"Unasema kwa macho." Akavuta pumzi. "Nitakaa nyuma ya hiyo meza siku moja. Siku moja tu, chumba kisichukuliwe. Mkitafuta mtu, mtafute kweli."

Tulitafuta, na hatukumpata. Siku ya Vilabu ilipofika ukumbi ulijaa kelele. Meza ya michezo ya kompyuta ilikuwa na viwambo vinavyometameta na bakuli la peremende. Juu ya yetu palikuwa na sinia la mawe makavu. Tansy aliketi amekunja mikono. Wanafunzi wapya walipita wakitazama kwa pembe ya jicho, wakaelekea kwenye peremende.

Ndipo Lempi alipoingia, koti limefungwa vifungo vyote. Hakuja upande wetu wa meza. Alisimama mbele yake kama mtu asiyewahi kuona jiwe.

"Binti, hivi ni vitu gani?"

"Bibi, acha utani wako leo."

"Nauliza. Mimi mgeni."

Tansy alinitazama, nikaangalia dari. "Ni mawe," akasema.

"Hili je, ndani yake kuna nini?"

"Sijui."

"Sasa tutajuaje?"

Tansy alimkazia macho. Kisha, kwa hasira, bila kuukumbuka umati uliokuwa ukipita, alilichukua lile jiwe akalilamba. Mistari ikajitokeza, myekundu juu ya myeupe.

"Dada, umelamba jiwe!" alipaza sauti kijana wa meza ya kompyuta.

"Njoo uone kabla hujacheka. Mwamba wa volkano ulikuwa na tundu, sawa? Maji yakapita, yakaacha rangi. Yakapita tena, yakaacha nyingine. Kila mstari ni safari moja ya maji."

"Kwa nini huu katikati umekatika?"

Nilimwona Tansy akifungua kinywa kujibu, akakifunga. Aliliweka jiwe kwenye kiganja cha yule kijana. "Wewe unalionaje?" akamwuliza.

Wengine walisogea. Mmoja alilamba, mwingine akasema kwamba hilo ni chukizo, kisha naye akachagua la kwake. Lempi alikuwa akirudi nyuma polepole, hatua kwa hatua, mpaka akafika ukutani penye makoti yaliyotundikwa, na pale akasimama akitabasamu huku akitazama viatu vyake.

Royce alipita akikagua meza. "Klabu ya Mawe, mwenyekiti nani?"

Tansy alimtafuta Lempi kwa macho, asimwone. "Mimi," alisema, sauti yake ikiwa na ukali kidogo. "Mpaka apatikane mwingine."

Tulifanya mkutano wetu wa kwanza siku theluji ilipoanza kuanguka. Vijana walikuwa wamezunguka meza, wakigombea kitambaa cha kung'arishia, mlango ulipobishwa. Hakuna aliyewahi kubisha hodi kwenye mlango ule. Tansy aliufungua. Lempi Kangas, aliyeshika ufunguo wa chumba hicho kwa miaka mingi, alikuwa amesimama nje na theluji mabegani, kokoto moja kiganjani.

"Karibu, mgeni," alisema Tansy, amekaza uso asicheke. "Unajua chochote kuhusu mawe?"

"Hata kidogo," alisema Lempi. Akaingia, akaketi karibu na mtambo wa joto, na kumpa mwenyekiti kokoto yake.