Nilimwanika Wifi Yangu Juani Pamoja na Korosho

Kosa ni langu. Sitaki pole ya mtu. Na wewe unayesoma huku unatikisa kichwa, ngoja kwanza, huenda na wewe una gunia lako.

Mimi ni mwanamke wa Mkunya, Newala. Mwaka huo wanunuzi binafsi ndiyo walikuwa wameanza kufuata korosho mpaka mlangoni. Zamani zote zilikwenda ushirika, hakuna aliyejali. Sasa kila nyumba ikawa inalinda gunia lake na kumshuku hata wa ndani. Kaka yangu alikuwa akiuza mitumba Masasi. Alipoondoka aliniambia, "Dada, nakuachia nyumba. Ilinde."

Nikalinda! Laiti ningekuwa nimelala tu!

Nilibaki na mke wake, nitamwita Mama Somoe, mtu wa Lisekese, mpole mpaka anakera. Asubuhi moja akatoka chumbani uso umemwiva, mashavu yote mawili mpaka juu ya pua. Kwetu hata mtoto anajua maana yake: ukichoma korosho ovyo, moshi na mafuta ya ganda vinakubabua uso hivyo hivyo. Mimi sikuhitaji shahidi.

"Shikamoo wifi," akasema.

"Shikamoo yako kaa nayo! Unaiba korosho zetu ghalani, unazichoma porini, unadhani sioni?"

"Wallahi sijachoma, wifi. Viungo vinaniuma, na jua likinipiga ndiyo uso unawaka."

"Jua limeanza kwako? Sisi wengine tunalima kivulini?"

Nikampa adhabu niliyoona inamfaa mwizi wa korosho. Kila siku, tangu asubuhi mpaka jua linazama, akae uani kwenye majamvi, azigeuze korosho na kufukuza kuku. Akiomba kusogea kwenye kivuli cha jiko, nakataa. Akijifunika kanga kichwani, naivuta. Ndiyo, niliivuta kwa mkono wangu huu! Majirani walipita, wakacheka, wakaenda zao. Wanafiki wakubwa! Leo hao hao ndio wananinyooshea vidole.

Nywele zikaanza kumtoka. Miguu ikavimba. Nikasema anajidekeza.

Siku kaka aliporudi, alimkuta mkewe ameanguka juu ya majamvi. Tukambeba mpaka hospitali. Daktari alikuwa kijana, ametoka masomoni, na mimi nilimchukia tangu alipofungua mdomo.

"Mama, huyu hajababuka na korosho," akasema. "Mwili una askari wake, wanaitwa kingamwili. Kazi yao ni kumshika mdudu aliyeingia, wenzao waje wammalize. Kwa ugonjwa huu wanawageukia wa nyumbani."

"Si wanamshika tu?" nikamuuliza, bado najitetea.

"Ndivyo tulivyodhani. Sasa wataalamu wameona kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, wako askari wanaokata wenyewe, kama maji ya tumbo yanavyokata chakula. Wanakata ile mbegu ya uhai iliyomo ndani ya kila chembe ya mwili. Na akikata moja makali hayaishi, anahamia nyingine. Jua likiunguza ngozi, mbegu hizo zinamwagika, na vita inapamba moto. Takataka zake zinakwama kwenye figo." Akatutazama, mimi na kaka. "Nani alikuwa anamkalisha juani?"

Mimi, mwenye mdomo wa Mkunya nzima, nikaanza kumkunjia kanga yake miguuni!

Mama Somoe akajibu kwa shida kutoka kitandani. "Nilikaa mwenyewe, daktari. Nilikuwa naanika korosho."

Figo zilikataa kabisa. Hakumaliza mwezi.

Nilimchukia yule daktari kwa sababu alinieleza mimi mwenyewe bila kunijua. Niliachiwa nyumba niilinde, nikamkata wa ndani, na kila siku makali yalikuwa yale yale.

Baada ya matanga majirani walimweleza kaka kila kitu. Hakunipiga. Alimchukua mtoto wao, Somoe, akampeleka kwa bibi yake Lisekese. Mwaka huo huo nilimfuata mtoto huko Lisekese, nusu ya njia kwa miguu, nikakutana naye sokoni, nikamwita. Mtoto yule alinitazama, akajificha nyuma ya bibi yake. Hakuniamkia.

Sasa sikieni lililobaki, maana hili sijamwambia hata kaka. Lile gunia la korosho la ghalani nililishona mimi kwa kamba ya mkonge, na fundo langu nalijua. Muda wote nilipokuwa namwita mwizi sikuwahi kwenda kulitazama. Nilikuwa na hakika, nitazame nini? Tulipomaliza matanga niliingia ghalani nikalivuta mlangoni. Ushono wote ulikuwa wangu. Fundo langu lilikuwa pale pale, halijaguswa.

Nyinyi mnaojua kuhukumu kwa uso wa mtu, msinililie mimi. Kabla hujamtoa mtu kivulini, inuka hapo ulipo, nenda ghalani, katazame fundo lako. Ni hatua kumi tu. Mimi sikuzipiga.