Wakala wa Ving'ora wa Santiago

Miaka ilikuja na kwenda juu ya mji wa Santiago. Mto Yaque ukajaa na kukauka, tumbaku ikapandwa, ikavunwa, ikaanikwa. Na katika majira hayo yote Leoncio Tavárez alizeeka akiishi kwa hofu za watu. Ujanani aliuza kufuli. Zilipozoeleka, akauza nondo za madirisha, kisha seng'enge za miiba, hata mtaa wake ukafanana na jela ambayo wafungwa huilipia wenyewe. Palipoibwa kuku, yeye alifika kutoa pole kabla ya jirani wa ukuta, na pole yake ilikuwa na bei. Nyumbani kwake hapakuwahi kupotea hata sufuria. Wezi nao wana heshima yao: hawamwibii aliye kazi moja nao.

Mtu wa namna hii haridhiki. Uzeeni alitamani uwakala: awe yeye peke yake, nchini kote, muuzaji wa kamera na ving'ora vya kampuni moja ya ng'ambo. Akawaandikia kwamba nchi yake imejaa wanyang'anyi, kwamba hakuna alalaye, kwamba kila mtu amesimama mlangoni akingoja kununua. Aliwatukana watu wa mamaye ili apate kamisheni, wala hakuona haya. Kampuni ile, ambayo katika lugha yake msiba wa watu huitwa soko linalokua, ikamtuma Bwana Hollis na sharti moja: chama cha wauza tumbaku kikinunua mtambo wa ving'ora kwa ajili ya ghala lake, uwakala ni wa Leoncio, kisiponunua, utakwenda kwa mfanyabiashara wa mji mkuu.

Ghala hilo lililindwa na Nazario, kaka wa Ercilia, mkewe Leoncio. Alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, bunduki isiyo na risasi mapajani, akilala usingizi wa mtoto mchanga. Leoncio alimdharau, na kwa hili moja alikuwa na haki.

"Shemeji, amka ukiage kiti chako," alimwambia asubuhi mtambo ulipofungwa ghalani kwa majaribio. "Kuanzia leo mashine inachukua kazi."

"Aa, ichukue tu. Itakunywa kahawa na Doña Obdulia?"

"Mashine hailali, bwana."

"Masikini! Asiyelala si huwa kichaa?"

Doña Obdulia Cepeda, mwenyekiti wa chama, alikuwa ndani kati ya marobota ya tumbaku, akijipepea kwa kofia. Hollis akaeleza: mtambo ukisikia watu wengi wakipiga kelele kwa pamoja, hujua kuwa ni uvamizi. Hapo hulia, hushusha milango ya chuma, wala hauiinui tena mpaka pawe kimya.

"Mtaa huu una kelele?" aliuliza Hollis.

"Huu?" akajibu Leoncio bila hata kumeza mate. "Umetulia kama kanisa siku ya Jumatatu. Hapa ukisikia kelele, bwana, ni wizi."

Doña Obdulia alikohoa.

Mara umeme ukakatika, kama ilivyo ada yake. Leoncio akachangamka, maana mtambo ulikuwa na betri. "Mnaona? Taa zimezimika, mlinzi wangu yuko macho!" Wakaendelea kutoka jasho gizani huku akiusifu.

Kisha umeme ukarudi. Na mtu wa Santiago, awe tajiri au fukara, awe mezani au mazikoni, umeme ukirudi hupiga ukelele. Hafundishwi na mtu, huunyonya pamoja na maziwa. Kila kibaraza kikalipuka: "Umeme umerudiii!" Na aliyepaaza sauti kuliko wote, mikono juu, chini kabisa ya kinasa sauti cha mtambo, alikuwa Leoncio Tavárez mwenyewe.

Milango ikashuka. King'ora kikalia. Mtaa mzima ukaja kutazama, na ulipoelewa ukaanza kucheka. Na kadiri ulivyocheka ndivyo mtambo ulivyozidi kusadiki kwamba umevamiwa.

"Nyamazeni!" alipiga yowe Leoncio nyuma ya chuma. "Nyamazeni, washenzi nyie!"

"Mwizi kanaswa!" wakajibu. "Mwizi ana sauti ya Don Leoncio!"

"Nazario! Fungua!"

"Nifungue kwa kazi gani, shemeji? Mimi nimestaafu tangu asubuhi."

Ndani, Hollis alipiga chafya za tumbaku mpaka machozi yakamtoka. Doña Obdulia aliketi juu ya robota. "Don Leoncio," alisema, "mwizi angechukua mali akaniacha niende zangu. Wewe umeacha mali, ukanichukua mimi."

Ni njaa tu iliyowaokoa. Watu walipokwenda kula wali na maharage yao, kimya kikapatikana na milango ikapanda.

"Hatununui," alisema Doña Obdulia akimpita. Hollis akakunja vipeperushi vyake, akaondoka na uwakala kwenda mji mkuu.

Leoncio akabaki kizingitini, amenywea kama jani lililokaushwa. "Shemeji," alinong'ona, "tafadhali, usimwambie dada yako."

"Nimwambie nini? Ercilia alikuwa hapa muda wote. Amecheka mpaka wakamshikilia asianguke."

Huyo ndiye Leoncio, aliyewasingizia wizi watu wote, akakamatwa kwa ukelele wake mwenyewe. Mola amsamehe aliyoyaandika juu ya ndugu zake; amjalie Ercilia miaka mingi ya kicheko; amhifadhi Nazario, awapo macho na awapo usingizini; na awalinde watoto na wajukuu wa nyumba ile kwa ulinzi wake usiouzwa. Amina.